Kiti cha Ndege na Mlipaji Wake

Katika Marekani ya leo wapo watu wa kipato cha wastani, wauguzi na walimu na madereva wa malori, ambao kila mwaka huvuka bahari wakiwa wameketi katika viti ambavyo nauli zake, lau zingalidaiwa taslimu, zisingalitoka katika mishahara yao pasipo kuziumiza nyumba zao. Na ukiwauliza wamevipataje, hukuonyesha kadi ya mkopo iliyotiwa alama ya benki na jina la shirika la ndege pamoja, wakakuambia kwamba wamesafiri bure. Neno hilo la bure ndilo linalostahili kuchunguzwa. Mali inayonunua viti hivyo hutoka mahali, hulipwa na watu, hulindwa au hailindwi na sheria, na huweza kutumiwa kwa busara au kwa ubadhirifu; nami naamini kwamba ndugu zetu waliohamia Amerika ya Kaskazini, ambao safari ya kwenda kwao ni ndefu na ghali kuliko safari za karibu majirani wao wote, ndio wenye haja kubwa zaidi ya kuyajua haya kwa undani kabla ya kuitia sahihi karatasi ya benki.

Asili ya mambo haya ni sheria. Hadi mwaka 1978 nauli za ndege baina ya majimbo ya Marekani zilipangwa na bodi ya serikali, na mashirika, kwa kuwa hayakuruhusiwa kushindana kwa bei, yalishindana kwa chakula, kwa adabu za wahudumu na kwa upana wa viti. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyoondoa udhibiti huo. Mashirika mapya ya nauli ndogo yakazuka, na yale makongwe yakalazimika kutafuta njia ya kumfunga mteja asihame kwa ajili ya tofauti ya dola chache. Tarehe 1 Mei 1981 shirika la American Airlines lilianzisha mpango wa AAdvantage, likiitumia mashine yake ya kuhifadhi nafasi, iitwayo Sabre, kuwatambua abiria waliolirudia mara kwa mara. Na siku chache baadaye United ikafuata kwa mpango wake. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kila maili aliyoruka abiria iliandikwa katika daftari lake, na maili zikitimia alipewa tiketi ya kiti ambacho, aghalabu, kingeruka kitupu.

Kadi nayo ilikuwa na historia yake, mbali kabisa na ndege. Diners Club ilianza New York mwaka 1950 kwa ajili ya watu waliokula mikahawani. Mwaka 1958 Bank of America iliwapelekea wakazi wa mji wa Fresno, California, kadi ambazo wao wenyewe hawakuziomba, na mwaka huohuo American Express ikatoa ya kwake. Historia hizi mbili ziliungana katika miaka ya 1980. Citibank na American Airlines walitoa mwaka 1987 kadi iliyomwandikia mteja maili kwa kila dola aliyoitumia, hata kama dola hiyo ilinunua viatu au dawa ya meno. Na mwaka 1991 American Express ikaanzisha pointi zake yenyewe, ambazo mteja aliweza kuzihamishia katika shirika moja au jingine kwa hiari yake. Tangu hapo kuruka hakukuwa tena sharti la kupata maili, na mtu ambaye hajapanda ndege mwaka mzima aliweza kuwa na daftari nono kuliko mfanyabiashara aliyelala hotelini kila juma.

Ili kuelewa fedha zinavyopita, na tuutazame muamala mmoja kwa karibu. Mama mmoja yuko supamaketi katika mji wa Columbus, Ohio. Amenunua unga, mafuta, kuku, maziwa na sabuni, jumla yake dola 100, akagusisha kadi yake kwenye kimashine cha malipo. Duka halipokei dola 100. Hupokea dola 98, pengine pungufu kidogo, kwa sababu takriban asilimia mbili hukatwa njiani: fungu kubwa huenda kwa benki iliyomtolea mama yule kadi, na mafungu madogo huchukuliwa na mtandao wa Visa au Mastercard pamoja na benki inayolihudumia duka. Benki iliyotoa kadi, katika fungu lake hilo, hutenga sehemu ya kununulia maili kwa bei ya jumla iliyopatana na shirika la ndege, kisha humwandikia mteja wake. Shirika hupokea fedha leo kwa kiti ambacho litakitoa mwakani au mwaka wa tatu, au ambacho halitakitoa kabisa iwapo mwenye maili atazisahau. Kwa njia hiyo Delta peke yake ilipokea kutoka American Express karibu dola bilioni 7 katika mwaka 2023. Na mwaka 2020, ndege zilipolala viwanjani kwa sababu ya maradhi ya korona, United iliuweka mpango wake wa maili rehani ili ikopeshwe, na hapo ndipo ulimwengu ulipoona kwamba mpango huo ulikadiriwa kuwa na thamani ya takriban dola bilioni 22, kiasi kilichozidi thamani ya hisa zote za shirika lenyewe sokoni wakati ule. Maili zilithaminiwa ghali kuliko injini, mabawa na marubani.

Sasa turudi dukani. Mwenye duka anajua kwamba katika kila mauzo ya kadi atakatwa, naye hana budi kuitia hasara hiyo katika bei za bidhaa. Lakini bei ni moja kwa wanunuzi wote, na kwa hiyo mtu anayefuata nyuma ya mama yule, aliyeshika noti mkononi kwa sababu hana akaunti ya benki au kwa sababu benki zimemkatalia kadi, hulipa dola 100 zilezile na hapati chochote. Watafiti wa Benki ya Shirikisho ya Boston, tawi la benki kuu ya Marekani, walilipima jambo hili katika utafiti wao wa mwaka 2010: nyumba inayolipa taslimu, kwa wastani, huwapa wenye kadi dola 149 kwa mwaka kupitia bei za madukani, na nyumba inayotumia kadi hupokea kutoka kwa hao wengine dola 1,133. Walipozigawa nyumba kwa kipato, waliona kwamba wale wa chini kabisa hutoa dola 21 kwa mwaka na wale wa juu kabisa hupokea dola 750. Uchunguzi mwingine uliofuata, ulioangalia ndani ya kundi la wenye kadi wenyewe, ulikadiria kwamba kila mwaka dola bilioni 15 huhama kutoka kwa wasiojua kuzitumia kadi zao kwenda kwa wanaojua, yaani, kwa kiasi kikubwa, kutoka kwa wenye elimu ndogo kwenda kwa wenye elimu kubwa na kutoka vitongoji vya mafukara kwenda vitongoji vya matajiri.

Mimi huona jambo hili ni dhuluma, ijapokuwa ni dhuluma isiyo na mtu mmoja wa kushikwa ukosi. Aliyehamia Marekani mwezi uliopita, hata angekuwa daktari kwao, hana rekodi ya mikopo inayosomeka na benki za huko. Ataanza kwa noti, au kwa kadi ya dhamana ambayo yeye mwenyewe huiwekea benki amana ya dola 200 au 300 ndipo akopeshwe kiasi hichohicho. Na katika miezi hiyo yote ya mwanzo, kila anaponunua mkate, anachangia nauli ya mtu atakayekunywa mvinyo mbele ya pazia la daraja la biashara. Dawa yake inajulikana. Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2015 kikomo cha asilimia 0.3 kwa ada ambayo benki ya mwenye kadi ya mkopo hupata katika ununuzi wa mtu binafsi, na Australia iliipunguza ada hiyo tangu mwaka 2003. Katika nchi zote hizo pointi zilipungua, kwa kuwa chemchemi yake ilizibwa. Marekani yenyewe iliweka kikomo kwa kadi zinazotoa fedha moja kwa moja katika akaunti, kwa sheria ya mwaka 2010, ikaziacha kadi za mkopo huru. Maseneta Richard Durbin na Roger Marshall wameleta muswada wa kuzilazimisha benki kubwa ziruhusu mtandao wa pili wa malipo ili ada ishuke kwa ushindani, nayo mashirika ya ndege yameupinga kwa nguvu sawa na benki, jambo linaloonyesha bayana ni nani mwenye faida. Ningependa kikomo cha Ulaya kivuke bahari, hata kama tiketi za pointi zitakuwa adimu. Lakini maadamu sheria ni hii iliyopo, mtu anayezikataa pointi hamrudishii yule wa nyuma yake hata senti moja. Bei alizolipa zimekwisha kubeba ada, na kilichobaki ni kuamua kama fungu lake atalichukua yeye au ataliacha benki.

Yapo masharti ya kulichukua, na la kwanza ni deni. Riba ya kadi za mkopo Marekani katika miaka hii imekuwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka kwa wastani. Tuseme mtu amebeba deni la dola 3,000 kwa mwaka mzima kwa riba ya asilimia 22: atalipa dola 660 za riba, ilhali pointi 3,000 alizopata kwa matumizi hayo zinaweza kununua usafiri wa dola 30, au 45 akiwa hodari. Hakuna ujuzi wa kuchagua ndege unaoweza kuziba tundu kubwa kiasi hicho. Sheria ya mwaka 2009 inaitaka benki impelekee mteja hesabu yake siku 21 kabla ya siku ya kulipa, na anayelipa deni lote katika muda huo hatozwi riba kwa manunuzi yake. Huyu peke yake ndiye anayefaidika, na benki humvumilia kwa kuwa wapo wengine wengi wasiolipa. Kwa Waislamu wa pwani yetu walioko huko suala hili lina uzito wa pili. Wapo maulamaa wanaoiruhusu kadi kwa mtu aliyeazimia na kuweza kulipa yote kwa wakati, kwa hoja kwamba riba haimfikii. Na wapo wanaoikataa, kwa hoja kwamba mkataba wenyewe umebeba sharti la riba, na kulitia sahihi sharti hilo ni kulikubali. Si kazi yangu kuamua baina yao, ila kila mmoja anapaswa kumuuliza anayemwamini kabla ya kuomba kadi.

Watu werevu wamepata kuzifanyia benki na makampuni mambo ya kushangaza. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California, David Phillips, aligundua kwamba kampuni ya vyakula ilitoa maili nyingi kwa nembo za bidhaa zake, na kwamba vikombe vya pudini vya bei ndogo kabisa vilihesabiwa sawa na vyakula vya bei kubwa. Akanunua vikombe 12,150 kwa dola 3,140, akawapa Jeshi la Wokovu sehemu kubwa ya vikombe hivyo kwa malipo ya kusaidiwa kubandua nembo, akapata zaidi ya maili milioni 1.2. Miaka kadhaa baadaye, serikali ilipotaka kueneza sarafu za dola moja na ikaziuza kwa posta bila gharama ya usafirishaji, watu walizinunua kwa kadi, wakazipeleka benki zikiwa bado katika vifuko vyake, wakalipia kadi kwa sarafu hizohizo, wakabaki na maili. Ilibidi idara ya sarafu ikatae malipo ya kadi mwezi wa Julai 2011. Visa hivi husimuliwa kwa furaha, nami sioni ubaya wa kuvisimulia, lakini vimewatia wengi katika dhana kwamba mtoaji wa pointi ni mjinga. Benki ya JPMorgan Chase ilipotoa kadi ya Sapphire Reserve mwezi wa Agosti 2016, ikimpa mteja mpya pointi 100,000, mkuu wake Jamie Dimon alisema kwamba kadi hiyo ingepunguza faida ya robo ya mwisho ya mwaka kwa dola milioni 200 hadi 300. Na wateja wakashangilia. Ada ya mwaka ya kadi hiyo ilikuwa dola 450. Mwaka 2025 ilifika dola 795.

Sharti la pili ni kuelewa kwamba pointi hazina mlinzi. Aliyeweka fedha benki ana sheria na bima ya serikali nyuma yake. Aliyeweka maili ana karatasi ya masharti, na katika karatasi hiyo imeandikwa kwamba shirika laweza kubadilisha kanuni litakavyo na kwamba maili si mali ya mwanachama. Rabbi Binyomin Ginsberg wa Minnesota, mwanachama wa tabaka la juu katika mpango wa shirika la Northwest, alifukuzwa mwaka 2008 kwa kisingizio kwamba hulalamika mno. Barua ya shirika ilimhesabia malalamiko 24, 9 kati yake yakiwa ya mizigo iliyochelewa. Alikwenda mahakamani akidai kwamba hakutendewa kwa insafu na nia njema. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja ya majaji wote, iliamua kwamba ile sheria ya 1978, iliyotungwa ili nauli ziwe huru, inalizuia dai lake. Ndivyo sheria iliyozaa maili ilivyomnyima mwenye maili hoja aliyoitegemea, na mashirika hayakuchelewa kuutumia uhuru huo. Delta iliondoa mwaka 2015 jedwali lililoonyesha kila safari inahitaji maili ngapi, United ikaliondoa mwaka 2019, na katika mwaka 2015 na 2016 mashirika matatu makubwa yaliacha kuhesabu masafa yaliyorukwa, yakaanza kuhesabu dola zilizolipwa. Mwenye pointi nyingi zilizolala miaka ni kama mvuvi aliyerudi na jodari mkubwa asiye na barafu. Mwezi wa Septemba 2024 Wizara ya Usafirishaji ya Marekani iliyataka mashirika manne makubwa yaeleze jinsi yanavyozishusha thamani pointi za watu. Ulikuwa mwanzo mwema, uliokuja miaka mingi baada ya haja.

Haya yote huonekana kwa macho uwanjani. Kiwanja cha ndege cha leo kimegawa watu kwa tabaka kwa namna ambayo bara la Afrika liliiona zamani katika mabehewa ya reli: foleni ya ukaguzi ya wenye haraka na foleni ya wengine, makundi manane au tisa ya kupanda ndege yakiitwa kwa namba, kundi la mwisho likiingia na kukuta makabati ya juu yamejaa na mabegi yao yakichukuliwa kupelekwa chini. Kadi ya shirika, hata ile ya ada ndogo, aghalabu humpandisha mtu makundi mawili au matatu na kumsamehe ada ya sanduku la kwanza katika safari za ndani. Ukumbi wa mapumziko, uliokuwa mahali pa utulivu, umejaa kiasi kwamba Delta ilitangaza mwaka 2023 kuwawekea wenye kadi kikomo cha kuingia. Wateja wakaghadhibika, na mkuu wake Ed Bastian akakiri kwamba walikwenda mbali mno, wakapunguza ukali kidogo lakini kikomo kikabaki. Kitu kinachogawiwa kila mtu kama heshima hupungua heshima yake, na sidhani kwamba mkate na chai ya ukumbini vinastahili ada ya mamia ya dola kwa mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka.

Kilicho na thamani kwa watu wetu ni kilo. Simama mwezi wa Desemba mbele ya kaunta ya ndege iendayo Nairobi au Dar es Salaam, utaona masanduku yamefunguliwa sakafuni, mizani ikisoma kilo 26 ambapo ruhusa ni 23. Shangazi amepiga magoti akihamisha viatu vya watoto, mafuta ya kupaka, chupa za vitamini na simu zilizotumika kutoka sanduku hili kwenda lile, akivaa makoti mawili ili yasipimwe, na nyuma yake foleni ikinung'unika. Sanduku la ziada katika njia hizo hutozwa dola mia au mia mbili na zaidi. Mwenye cheo cha msafiri wa mara kwa mara katika muungano wa mashirika ya ndege hupewa sanduku hilo bila malipo, naye ndiye anayechukua mizigo ya ukoo mzima. Na ikiwa kuna sababu ya mtu wa pwani kushikamana na muungano mmoja badala ya kurukaruka, basi ni hiyo.

Miungano hiyo ni mitatu, na kwa msafiri wa Afrika Mashariki kila mmoja una mlango. Kenya Airways imo katika SkyTeam tangu mwaka 2010 pamoja na KLM, Air France na Delta, nayo ilianza tarehe 28 Oktoba 2018 kuruka moja kwa moja kati ya Nairobi na New York. Ethiopian iliingia Star Alliance mwaka 2011, iliko United na Air Canada. Qatar Airways iliingia oneworld mwaka 2013, iliko American. Faida ya elimu hii ni kwamba maili za shirika moja hununua kiti cha jingine: maili za American humfikisha mtu Zanzibar au Kilimanjaro kupitia Doha kwa ndege za Qatar, na maili za United humfikisha Addis Ababa na kwingineko kwa ndege za Ethiopian. Pointi za benki, zile zinazohamishika, huweza kuingia Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, ambao mabenki mengi makubwa ya Marekani yana mapatano nao. Kipimo cha kujua kama tiketi inafaa ni rahisi. Ikiwa tiketi ya kwenda Dar es Salaam ni dola 1,400, na kwa pointi ni 60,000 pamoja na kodi ya dola 200, basi pointi 60,000 zimenunua dola 1,200, yaani senti 2 kwa kila pointi, nayo ni bei njema. Ikishuka chini ya senti 1 afadhali kulipa taslimu. Anayezibadilisha pointi zake kwa birika au kadi ya zawadi ya dukani aghalabu hupata chini ya senti hiyo, na hapo ndipo benki hucheka.

Huku nyumbani mambo yamefuata njia nyingine. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwezi wa Machi 2007, imemfanya mtu alipe nyanya na nauli kwa simu bila kupitia kadi, na pointi zilizoenea kwa umma ni zile za Bonga za Safaricom, zinazonunua muda wa maongezi na bidhaa ndogondogo. Kadi za mkopo zipo, lakini ni za wachache, na mtu wa Mombasa au Arusha anayesoma habari za pointi laki moja za kukaribishwa asidhani zimo katika benki ya mtaani kwake.

Jambo moja la haki ambalo wasafiri wengi hawalijui lina thamani kuliko ukumbi wowote. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 2004 humpa fidia, hadi euro 600 kwa masafa marefu, abiria ambaye ndege yake imefutwa ghafla, na kwa hukumu za mahakama zilizofuata, yule aliyefikishwa kwa kuchelewa kwingi, pasipokuwa na sababu ya dharura iliyo nje ya uwezo wa shirika. Nayo inawahusu wote wanaoondoka Ulaya kwa ndege yoyote na wanaokwenda Ulaya kwa ndege za Ulaya, wakiwemo walionunua tiketi zao kwa maili. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Amsterdam kwa KLM kwa tiketi ya pointi anayo haki hiyo kamili. Na kadi nyingi za safari zina bima ya kuchelewa inayolipia chakula na malazi, alimradi nauli au kodi ya tiketi imelipwa kwa kadi hiyo na risiti zimehifadhiwa.

Nimesema pointi zisilazwe. Lakini ipo akiba moja ninayoitetea, nayo ni ya msiba. Mtu aliye Minneapolis au Toronto akipigiwa simu usiku kwamba mzazi amefariki, na ndugu zake ni Waislamu watakaozika kesho, au ni Wakristo watakaomngojea juma moja, tiketi ya taslimu ya siku hiyohiyo huwa imepanda kupita kiasi, na jamaa huanza kuchangishana huku saa zikipita. Katika mipango ambayo bado inauza viti vya mashirika rafiki kwa bei isiyofuata nauli, kiti cha kesho, kikiwapo, hugharimu pointi zilezile kilizogharimu mwezi uliopita, na huuzwa kwa upande mmoja bila adhabu, ili mwombolezaji asilazimike kutaja siku ya kurudi. Kwa hiyo ningemshauri kila aliye mbali na kwao aweke kando pointi za kutosha kiti kimoja cha kwenda, baada ya hapo azitumie zilizobaki mapema kwa safari za furaha. Akiba hiyo ikae katika benki, isikae katika shirika, kwa kuwa pointi za benki zina milango mingi na shirika moja likipandisha bei jingine linabaki. Pawepo mtu wa pili katika nyumba anayejua kufungua akaunti na kutafuta nafasi, kwa maana aliyefiwa hana utulivu wa kusoma majedwali. Na zisihamishwe kwenda shirika lolote mpaka kiti kimeonekana kwa macho, kwa sababu zikishahamishwa hazirudi.